Pikipiki ya Gachanja Nyumbani Mwetu

Jumatatu, 10 Machi 1958

Leo wamemfungua Barasa bandeji ya mwisho, hospitali ya Thika. Dresa, yule mfunga vidonda, alikiinamia kile kidonda akakinusa kama mtu anayenusa samaki sokoni, akageuza mkono huku na huku, kisha akasema kimefunga. Hakitaoza. Mkono hautakatwa. Nilikuwa nimebana pumzi tangu Januari bila kujua, na nilipoiachia pale kwenye benchi binti yetu Jentrix akaniuliza kama ninalia. Nikamwambia hapana, nikamfuta makamasi.

Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekwenda kabisa, cha shahada na cha kati, na cha pete kimebaki nusu. Mkanda wa mashine ya kumenya kahawa ndio uliovichukua. Watu huniambia pole kana kwamba tumefiwa, lakini mimi namwona mume wangu ana mkono, umeshikamana na bega lake, na kwa leo hilo linanitosha.

 Basi lilipotushusha Ruiru Barasa aliutia mkono mfukoni na hakuutoa tena mpaka tulipokula.

Jumatano, 12 Machi

Meneja wa shamba amemwita. Atalinda geti mpaka mvua ziishe, halafu wataona. Neno lenyewe ndilo hilo, wataona. Nyumba hii ya laini ya wafanyakazi ni ya mwenye kazi, kwa hiyo wakiona vibaya tutafunga mizigo turudi Bungoma, na huko shamba la baba yake limeshagawanywa.

Kazi ya ufundi pale faktorini amepewa Munyao, Mkamba aliyekuwa chini ya Barasa, na Barasa ndiye aliyemfundisha hata kukaza mkanda. Anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Nimeamua sitamsalimia.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumapili, 16 Machi

Nilitoka kwenye maombi nikamkuta Barasa anasukuma kitu matopeni, ameegemeza kifua juu yake, mkono mmoja tu kwenye usukani. Nilidhani ni toroli. Ilikuwa pikipiki ya jeshi, ile ya rangi ya majani makavu, tairi zake zimepasuka kama nyayo za kiangazi, tanki lina tundu, na kwenye kiti kulikuwa na manyoya ya kuku kwa sababu kuku walikuwa wakitagia hapo.

Ni ya Gachanja wa Gitothua. Gachanja mwenyewe simjui, ila mke wake Wangeci tunachuma kahawa pamoja msimu ukiwa mzuri, naye huniuzia viazi. Gachanja alikuwa dereva wa jeshi wakati wa vita, akainunua pikipiki hii katika mnada wa vitu vya jeshi, na haikumaliza mwaka injini ikakwama. Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, askari walimchukua kwa lori pamoja na wanaume wengine wa kilima chao, na tangu hapo yuko kizuizini. Wangeci na watoto walihamishiwa kile kijiji cha serikali kilichozungushiwa handaki, na pikipiki akaisukuma mwenyewe mpaka huko. Sasa mkubwa wa homgadi, wale walinzi wa serikali kijijini, ameanza kuiangalia kwa jicho la kuitaka. Wangeci akaona heri iuzwe kwa mtu anayemjua kuliko ichukuliwe bure.

Haya yote aliniambia Barasa mlangoni, mvua ikimpiga mgongoni, maana nilikuwa sijampisha.

Nikamuuliza amelipa kwa fedha gani. Akatazama chini. Nikajua. Ile fidia ya vidole, niliyokuwa nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya sanduku. Hakuimaliza, lakini ameichota.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Alisikiliza yote. Kisha akalinyanyua gurudumu la mbele juu ya kizingiti akaiingiza pikipiki ndani, kati ya kitanda na meza, na harufu ya kinyesi cha kuku ikajaa nyumba.

Jumatatu, 17 Machi

Sijamsemesha. Naruka gurudumu nikienda kupika.

Alhamisi, 20 Machi

Akitoka getini anakaa kwenye debe mbele ya hicho chuma na kujaribu kufungua nati. Spana inaanguka. Anaiokota, inaanguka. Vidole vilivyobaki havina nguvu ya kuikaba, na mkono wa kushoto haujui kazi, unakwenda kama ng'ombe anayelimishwa mara ya kwanza. Nilikuwa nashona, na kila chuma kilipogonga sakafu sindano yangu ilikosea. Mwishowe aliirusha nje, ikazama matopeni.

Nikasema moyoni, basi imekwisha. Baada ya muda mfupi nikamwona ameinama nje kwenye mvua anapapasa matope akiitafuta.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Munyao alinisalimia kisimani. Niliangalia ndoo yangu.

Ijumaa, 28 Machi

Leo Barasa ameniomba kipande cha kitambaa cha marekani, kirefu, upana wa vidole viwili. Nilikikata kwenye pindo la shuka kuukuu. Akafunga mpini wa spana kwenye kiganja chake, akakaza fundo kwa meno, akageuza mkono wote kutoka begani badala ya kiganja. Nati ikalia, ikaachia.

Hakucheka. Aliniangalia tu. Mimi nikarudi kwenye ushonaji wangu haraka, kwa sababu bado nilikuwa nimekasirika na sikutaka aone kwamba hasira imepungua.

Ijumaa Kuu, 4 Aprili

Tulisali, tukala maharagwe, mvua haikukatika tangu asubuhi. Injini iko wazi mezani pangu, imewekwa juu ya gunia. Pistoni imeshikwa na kutu ndani ya silinda yake na haitoki kwa nyundo wala kwa kubembelezwa. Barasa anailoweka kwa mafuta ya taa na kungoja. Ananieleza kila kitu siku hizi, hata nisipouliza. Kwa miezi miwili mtu huyu hakuwa na sentensi nzima mdomoni.

Kwa hiyo nauliza. Nimeuliza pia ikishatengenezwa itakuwa ya nini, maana hatuna safari. Akasema hajui. Akasema kwanza anataka kujua kama inawezekana.

Jumanne, 8 Aprili

Nitaandika ili nisiwaze.

Asubuhi nilikuwa nje nafua. Barasa alikuwa ametoka kwenda getini, na kikombe cha mafuta ya taa alichokuwa akioshea ringi na skrubu kilikuwa chini, nyuma ya gurudumu. Kikombe cha bati, cha chai. Jentrix hukinywea uji.

Nilimsikia anakohoa. Nilipoingia alikuwa amekaa sakafuni, midomo inang'aa, machozi yanamtoka, na gauni lake limelowa mafuta kifuani. Hakuwa analia. Alikuwa anajaribu kupata hewa.

Nilimbeba nikakimbia hata sikuvaa viatu. Laini yote ilikuwa kazini. Zahanati ya shamba iko upande wa pili wa mto, na njia ilikuwa uji mtupu, nikaanguka kwa magoti, nikainuka. Karibu na faktori mtu alitoka mbio akaninyang'anya mtoto mikononi, na alikuwa Munyao. Ana miguu mirefu. Sikuweza kumfuata, nilimwona tu anavuka kile kidaraja cha magogo huku amemkumbatia Jentrix kifuani kama kifurushi, na maji yalikuwa yanapita juu ya magogo.

Nilipofika, dresa wa shamba alikuwa ameshamkalisha mtoto wima. Nilitaka kumtia kidole kooni atapike, akanishika mkono. Alisema mafuta yakipanda tena yataingia mapafuni, na yakiingia humo humuua mtoto. Tusimpe maziwa, tusimtapishe, tumkalishe na tungoje. Kungoja ndiyo dawa aliyotupa.

Barasa alikuja kutoka getini. Alisimama mlangoni, mvua inamtiririka. Hakuna mtu aliyemwambia chochote, lakini alinusa ile harufu kwenye nguo za mwanawe na uso wake ukafa.

Nilimwambia, "Chuma chako kitoke nyumbani kwangu."

Akasema, "Kitatoka leo."

Jumatano, 9 Aprili

Homa. Anapumua haraka, mbavu zinaingia ndani. Mke wa Munyao, Mbithe, alileta uji, akakaa nami. Mtoto hakunywa, nikaunywa mimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Vilevile.

Ijumaa, 11 Aprili

Homa imeshuka alfajiri. Aliamka, akanitazama, akasema anataka mkate na chai, na anataka chai yenye sukari, wala si ile ya juzi, ile ilikuwa mbaya. Dresa alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilitoka nje nikaketi chini ya mwavuli wa paa la zahanati, mahali ambapo hakuna mtu.

Mungu asifiwe. Sina neno jingine.

Jumapili, 13 Aprili

Nilikwenda mlango wa tatu. Nilimwambia Munyao asante, na kwamba sikuwa nikimwitikia salamu. Akasema alidhani sisikii vizuri. Sijui kama alikuwa ananitania. Nafikiri alikuwa ananisaidia nisiendelee kueleza.

Alhamisi, 17 Aprili

Pikipiki iko nje chini ya magunia, nyuma ya choo, injini kwenye debe. Barasa haikaribii. Anatoka getini, anakula, analala na uso ukutani. Mkono umerudi mfukoni. Ukimwuliza kitu anasema ndiyo, hata kama swali halikuwa la ndiyo.

Jumapili, 20 Aprili

Leo mchana mvua ilipiga kwa upepo, ikayapeperusha yale magunia. Niliona kutoka dirishani maji yanaingia kwenye debe la injini. Barasa naye aliona. Alikuwa amekaa kitandani, Jentrix amelala pajani mwake, na alitazama tu, kama mtu anayetazama shamba la mwenzake likisombwa.

Nilijaribu kuwaza nitakavyoishi miaka ishirini na mtu aliyekaa hivi. Nikaona kwamba nilikuwa nimefanya hesabu vibaya. Nilikuwa nikipima fedha na nafasi ya meza, na upande wa pili wa mizani nilikuwa sijaweka kitu, wakati kumbe hapo ndipo alipokuwa mume wangu.

Nikatoka. Nikabeba debe kwanza. Pikipiki yenyewe sikuiweza, ikaniangukia mguuni, na hapo ndipo alipokuja. Tuliisukuma pamoja. Tuliifikisha verandani.

Nilimwambia, "Mafuta ya taa yatakaa kwenye chupa yenye kizibo, juu ya dari. Ufunguo wa mlango wa veranda nitakaa nao mimi. Na ile pistoni uitoe, kwa sababu meza yangu imepoteza mwezi mzima na lazima ipate faida."

"Itatoka," alisema. Akaanza kumwaga maji ya debe, kwa mikono yote miwili.

Ijumaa, 25 Aprili

Pistoni imetoka. Imetoka na sauti kama ya kizibo cha chupa, Barasa akaanguka chali.

Jumanne, 29 Aprili

Munyao alikuja baada ya kazi. Alikuwa na kitu kwenye leso: kipande cha shaba, cha mviringo, kinachong'aa, alichokichonga kwenye mashine ya faktori wakati wa mapumziko. Kile cha zamani ndani ya injini kilikuwa kimelika, na Barasa alikuwa amesema hakipatikani hata Nairobi. Wakaketi kwenye madebe, vichwa pamoja. Munyao akishindwa na kitu humwuliza Barasa, akimwita mwalimu, na si kwa dhihaka.

Alipokuwa anaondoka alisema kwa hesabu yake Barasa angepata baiskeli mpya kwa fedha zilizoingia hapa, na kengele juu. Barasa akakubali. Wakacheka wote wawili, nami nikaona sina haja ya kuuliza wanacheka nini.

Jumamosi, 3 Mei

Imewaka.

Alikuwa ameipiga kiki mchana kutwa, mguu umevimba, ikikohoa na kunyamaza. Majirani walikuwa wamechoka kutazama na kuingia ndani. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Ikakohoa, nikangoja inyamaze, haikunyamaza. Kuku wa laini nzima wakaruka. Moshi wa buluu ukaingia kwenye mchele. Barasa alikuwa amesimama kando yake, mkono wa vidole viwili na nusu umeshika kile cha kuongezea mafuta, anaongeza, anapunguza, anaongeza, na ilikuwa inamtii.

Jentrix akamkimbilia, akaziba masikio. Mimi nilisimama na sinia yangu. Nilikumbuka mkono ule ulivyotiwa mfukoni kwenye stendi ya Ruiru.

Alhamisi, 8 Mei

Wangeci amekuja leo na hakuleta viazi. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema kwa chifu wamesoma majina ya wanaoachiliwa, na jina la Gachanja limo. Anarudi.

Nilimshika mikono, nikamwambia Mungu ni mwema. Alikuwa anacheka na kufuta macho. Halafu macho yake yakaenda verandani, kwenye pikipiki, ambayo sasa ina rangi mpya na kiti nilichokishonea mimi mwenyewe turubai, na akaacha kucheka.

"Dada," alisema, "mimi sikumwambia nimeuza. Huko huwezi andika kila kitu. Yeye anajua iko."

Ijumaa, 9 Mei

Barasa hakulala vizuri. Wala mimi. Ni ajabu. Mwezi Machi mtu angekuja kuichukua ningemfungulia mlango na kumpa chai.

Jumatano, 14 Mei

Gachanja amefika kijijini, watu wamemwona. Hajaja. Mvua zimepungua, sasa zinanyesha jioni tu. Barasa ameipangusa pikipiki mara mbili leo, ikiwa kavu.

Jumapili, 18 Mei

Alikuja leo, baada ya ibada, pamoja na Wangeci. Ana ruhusa ya chifu ya kuja shambani kutafuta kibarua, zaidi ya hapo haruhusiwi kwenda. Nilitegemea mtu mkubwa, kwa jinsi Wangeci alivyokuwa akimsimulia. Ni mwembamba, koti linamning'inia, nywele zimepata mvi mbele tu. Alisalimia kila mmoja wetu kwa mkono, hata Jentrix. Alipoushika mkono wa Barasa aliutazama, na hakuuachia upesi.

Kisha akaiona. Aliizunguka pole pole. Hakuigusa.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu yote: kwamba iliuzwa mbele ya mashahidi, kwamba fedha zile zililisha watoto wake, kwamba aliyoiacha ilikuwa kiota cha kuku. Nilikuwa nimeshafungua mdomo pale Barasa aliposema, kwa sauti ya chini tu:

"Bwana Gachanja, hukuwepo ilipouzwa. Ni yako. Ukiitaka, ichukue."

Nilimwangalia mume wangu na nilitaka kumpiga na mwiko.

Gachanja aliuliza kama inaweza kuwaka. Barasa akaipiga kiki mara moja, ikawaka. Yule mtu akafumba macho akasikiliza, kichwa amekiinamisha upande, kama dresa anayesikiliza kifua. Halafu akauliza kama anaweza kuipanda, mpaka mtoni tu.

Barasa akampisha.

Aliondoka kwa njia ya katikati ya kahawa, wima, bila kuyumba, kama mtu ambaye hakuwahi kushuka. Tulisikia mlio ukiteremka, ukawa mdogo, ukapotea. Tukangoja urudi. Haukurudi.

Jua lilisogea. Barasa alikuwa amesimama pale pale, mikono mgongoni. Wangeci aliketi kwenye debe, kisha akainuka, kisha akaketi. Mimi niliwaza kwamba amekwenda nayo, na hapo hapo nikaona aibu, kwa sababu nilitazama uso wa Wangeci na yeye hakuwa akiwaza pikipiki. Alikuwa akiwaza homgadi, na kizuizi cha barabara, na mtu aliyetoka kifungoni siku chache zilizopita anaonekana juu ya pikipiki isiyo yake nje ya shamba, asikoruhusiwa. Nikaenda nikasimama karibu naye. Akanishika kanga, akaishika kwa nguvu.

Munyao alipita, akaelewa bila kuambiwa, akaanza kuteremka kwenda kutazama. Hakufika mbali. Mlio ulitokea chini, dhaifu, ukapanda, na Gachanja akatokea kati ya mistari ya kahawa, amelowa miguu, mwendo wa taratibu kabisa. Alizima. Alikaa juu yake kidogo kabla ya kushuka.

Wangeci alimsemesha kwa Kikuyu, maneno machache makali, na sauti yake ikakatika. Akamjibu kwa upole. Kisha akatugeukia.

Alisema alifika mtoni akazima, akaketi kwenye jiwe. Hakuna aliyemwambia aketi wala ainuke, akasahau kwamba kuna watu wanamngoja. Akaomba radhi kwa hilo.

"Huko nilikuwa," alisema, "kila usiku nafungua hii pikipiki kwa kichwa. Bolti moja, ingine, mpaka injini. Halafu nataka kuirudisha, na kila mara kitu kimoja kinabaki mkononi, sijui ni cha wapi. Naanza tena. Miaka minne. Leo nimesikia imekamilika. Sasa ninaweza kulala."

Barasa alisema tena kwamba aichukue.

"Wangeci aliuza," Gachanja alisema. "Mimi ningekuwa hapa ningeuza pia, na ningepata kidogo kuliko yeye. Watoto wangu walikula. Hiyo ni yako, fundi. Kitabu chake kina jina langu, nitaenda kwa chifu tukibadilishe. Lakini kuna kitu umekosea."

Akapiga goti, akaonyesha cheni. Ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Barasa naye akapiga goti. Tuliwaacha hapo, mimi na Wangeci tukaingia kupika, na tuliposonga ugali hatukuweza kuacha kucheka, wala hakukuwa na kitu cha kuchekesha.

Jumatatu, 19 Mei

Nililala mpaka jua likatoka.

Jumanne, 27 Mei

Pampu ya maji mtoni imekufa. Faktori haiwezi kuosha kahawa. Imemshinda Munyao, naye alikwenda mwenyewe kumwambia meneja kwamba yuko mtu getini anayeweza kuirudisha. Meneja akasema yule ana mkono mmoja na nusu. Munyao akamwambia aende akaone kilicho verandani kwetu.

Meneja alikuja kweli, akasimama na kofia yake, akauliza nani amefanya hivi. Barasa yuko mtoni tangu jana, na Gachanja amepewa kibarua cha kumshikia taa na kamba.

Ijumaa, 30 Mei

Pampu imefufuka, maji yanapanda.

Jumatatu, 2 Juni

Wameona. Barasa hatarudi kwenye mikanda ya faktori, meneja hataki hilo tena, nami sitaki pia. Pampu na trekta ni zake kuanzia leo. Mshahara ni mdogo kidogo kuliko wa zamani. Nyumba inabaki yetu. Alinieleza akiwa amesimama, akitumia mikono yote miwili kuonyesha urefu wa bomba, na sikusikia hata neno moja la habari za bomba.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua zimekwisha, asubuhi kuna ukungu na baridi ya kuuma masikio. Leo nimepanda.

Nilikuwa nimekataa mara nyingi. Lakini nilihitaji uzi na vifungo kutoka Thika, Mbithe akamchukua Jentrix, na Barasa alikuwa ameshaiwasha. Nilikaa upande, kama wanawake wanavyokaa kwenye baiskeli, nikamshika kiunoni, nikamwomba Mungu atufikishe. Tulipita Ruiru stesheni ya reli, tukaingia barabara kuu, na mkonge ukaanza kukimbia pande zote mbili, mistari yake ikifunguka na kufunga. Watu wa Juja waligeuka kututazama. Upepo ulinitoa kitambaa kichwani, nikakishika kwa meno.

Tuliporudi, Mbithe aliniuliza kama ilistahili, muda ule wote na fedha zile zote. Nilimwambia kwa fedha, hapana. Munyao alisema kweli, tungekuwa na baiskeli mpya na salio. Kwa muda sijui, kwa sababu muda ule tungekuwa nao vyovyote, ila angeutumia akitazama ukuta. Kuna usiku mmoja zahanatini ambao singeupitia tena kwa pikipiki mia. Siwezi kuyajumlisha mambo hayo yakawa kitu kimoja. Nimejaribu.

Lakini tulipokuwa tukienda, karibu na mteremko wa Ndarugu, nilihisi mgongo wa Barasa unakaza. Aligeuza kichwa nusu, akaniuliza kama ninaogopa, apunguze.

Nilikuwa naogopa. Nilimwambia asipunguze.